Chupa ya Kisima cha Dani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lornah alichota ndoo mbili za maji katika kisima cha nyanya yake, na kila asubuhi Zadock wa jirani alimfuata nyuma akihesabu hatua. Zadock alikuwa na miaka minne. Kutoka mlangoni kwao hadi kisimani zilikuwa hatua ishirini za mtoto, naye alizijua zote. Lakini tangu mvua ya masika ilipoisha, alianza kupotea katikati. Akifika nane alisimama, akatazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, kisha akaketi chini na kushika tumbo.

Watu wa Obunga, mtaa wao, walisema anadeka tu. Mama yake, Rachael, hakuamini. Alimpa dawa ya minyoo, akawa anachemsha maji yake ya kunywa mara mbili. Mama mwenye mtoto mgonjwa hana raha hata kidogo.

Kisima chenyewe kilikuwa fahari ya nyanya yake Lornah, mama Akello, ambaye ploti nzima ilimwita Dani, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya. Marehemu mume wake alikichimba kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo Dani hakumfukuza mtu aliyekuja na ndoo. Mifereji ya bomba ikikauka mtaani, wote walikunywa kwake. "Maji hayana mwenyewe," alipenda kusema huku akikaza kamba. "Yana mchotaji tu."

Nyuma ya ua wa Dani kulikuwa na kiwanda kidogo cha kupasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini yake. Maji ya ndani ya betri yalimwagwa shimoni, na mvua iliponyesha uchafu huo ulizama ardhini. Nyasi za pembeni zilikauka. Majirani walilalamika, ndipo afisa wa afya, Bwana Waliaula, akafika shuleni kwa kina Lornah. Aliwapa wanachama wa klabu ya afya chupa safi, kila mmoja akajaze maji ya kisima cha kwao, aandike jina lake juu, airudishe kesho yake ili maji yapimwe, na kisima kitakachopatikana na sumu kifungwe.

Njiani, Griffins wa darasa lao alianza utani. "Kisima cha Dani ndicho kitakachofungwa cha kwanza," akasema. "Maji yake yana rangi ya chai hata kabla ya kutiwa majani."

Wenzao wakacheka. Lornah naye alicheka, lakini moyoni alichomwa. Alimwona Dani akilini, amekaa kando ya kisima kilichofungwa, hana wa kuja kumsalimu. Basi alipofika kwenye mfereji wa bomba kando ya barabara, alijaza chupa pale pale, akaandika: Kisima cha Dani. Alijiambia kwamba hajaiba kitu cha mtu.

Baada ya wiki moja Bwana Waliaula alikuja uani kwa Dani na karatasi zake. Majirani walikusanyika. Alieleza kwamba visima vinne vya karibu na kiwanda vimepatikana na risasi.

"Risasi ya bunduki?" Rachael aliuliza.

"Jina ni moja, mama, kwa sababu madini ni yayo hayo. Ndiyo yaliyo ndani ya betri. Mtoto akiyanywa kidogo kidogo huumwa tumbo, hupungukiwa damu, na kichwani masomo hayakai."

"Lakini mimi huchemsha," Rachael akasema kwa sauti ndogo.

Afisa akatikisa kichwa. "Kuchemsha huua vijidudu. Risasi si kijidudu, haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki."

Kisha akachukua karatasi ya mwisho, akasema kisima cha Dani hakina risasi hata chembe. Ila jambo moja lilimshangaza: maji hayo yalikuwa na dawa, ile inayotiwa maji ya mfereji. Akauliza kama kuna mtu anaitia kisimani. Dani akajibu kwamba yeye hajui dawa. Anajua tu kwamba Mungu hakumwacha mjane. Watu wakapiga makofi. Rachael alifuta macho, akachota kikombe kwenye ndoo ya kisimani, akampelekea Zadock mdomoni.

Hapo Lornah angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Lakini aliona midomo ya mtoto imefika ukingoni mwa kikombe, na miguu yake ikaenda yenyewe. Alikipiga kikombe kikaanguka.

"Msimpe," akasema. "Ile chupa ni ya mfereji. Niliijaza barabarani. Sikutaka kisima cha Dani kifungwe."

Lornah alingoja kofi, lakini halikuja. Dani aliinuka kwa magoti yake mabovu, akateremsha ndoo mwenyewe, akamjazia afisa chupa mpya mbele ya watu wote. Hakumwaga hata tone.

Majibu ya pili yalikuwa kama walivyohofia. Risasi ilikuwamo, tena kupita visima vyote. Zadock alipimwa damu hospitalini, akapatikana nayo, akaanzishiwa matibabu. Daktari alisema nafuu itakuja polepole. Watoto wengine walipimwa pia. Kiwanda kikasimamishwa, taka zake zikachimbuliwa na kuondolewa, na mfereji ukavutwa hadi uani.

Dani alikifunika kisima kwa saruji. Kamba hakuitupa; aliifunga kati ya nguzo mbili ikawa ya kuanikia nguo. Jioni moja, wakianika sare za shule, Lornah aliomba msamaha tena, kwa mara ya nne au ya tano.

"Kisima ni shimo tu, mjukuu wangu," Dani akasema. "Risasi ya bunduki ina mlio, ukiusikia unalala chini. Hii ya maji haina. Mlio wake ulipaswa kutoka ndani ya ile chupa, nawe ukauziba. Siku nyingine ukiogopa kunivunjia heshima, nivunjie. Heshima huungwa. Mtoto haungwi."

Zadock alikuwa amesimama juu ya kigoda chini ya kamba, akigusa vibanio vya nguo kimoja kimoja. "Saba. Nane," akasema, akasimama. Mlangoni, Rachael aliacha kuchambua dagaa wa omena. Hakuna aliyemsaidia.

"Tisa," Zadock akasema, akanyoosha mkono kwa kinachofuata.