Kipimo cha Dawa ya Nyanya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Getruda alimsaidia mama yake, Scholastika, kumwagilia nyanya. Mama aliongoza kikundi cha akina mama wanne waliolima bustani moja kule Suguti. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma.

Siku hiyo mama alimpa chupa mpya ya dawa ya wadudu amsomee. Getruda akasoma: mililita ishirini kwa bomba moja la kunyunyizia lililojaa maji. Mama akauliza hicho ni kiasi gani. Getruda hakujua, ila aliona aibu kukiri, maana alikuwa darasa la sita. Akajibu kuwa ni kikombe kizima.

Saa nne, katika kipindi cha sayansi, Mwalimu Werema alipima mililita ishirini za maji kwa kijiko cha chakula. Hazikutimia hata vijiko viwili. Getruda akakumbuka kikombe alichomtajia mama. Alimweleza mwalimu. Mwalimu akampigia simu bwana shamba, Enoka, naye Getruda akatoka mbio.

Njia nzima alimwona mama yake akilini, ameanguka kati ya nyanya, hasemi. Alipofika, mama alikuwa wima, bomba mgongoni, machozi yakimchuruzika. Tuta moja lilikuwa limekwisha kunyunyiziwa.

"Mama, tua hilo bomba," alisema. "Nilikudanganya. Sikujua kipimo."

Mama alitua bomba, magoti yakamlegea. Wenzake walimwogesha kwa sabuni na kumbadilisha nguo. Enoka alifika kwa pikipiki, akamkimbiza zahanati. Getruda alikaa mlangoni hadi jioni, na kila mara mama yake alipokohoa, alichungulia ndani.

Mama alipona, lakini nyanya za tuta lile ziliunguzwa zote na dawa. Juma lililofuata akina mama wote wanne walianza kisomo cha watu wazima, na Enoka akawafundisha vipimo. Msimu uliofuata bustani ileile ikawapa matenga thelathini ya nyanya. Zamani hawakupata zaidi ya kumi na mawili.

"Mimi nilikuwaga nakisia tu," mama alikiri siku ya mavuno.

"Mikono yenu ni ileile, Mama Getruda," Enoka alisema. "Kilichoongezeka ni elimu. Anayeijua kazi yake huvuna zaidi kwa jasho lilelile." Kisha akamgeukia Getruda. "Nawe, binti, kusema 'sijui' si aibu. Asiyesema hivyo hajifunzi, na huwaponza wanaomwamini."