Mama wa Kwenye Daftari

Kila siku akitoka shule, Karani alifanya kazi zake kwa mpangilio uleule. Alivua sare na kuitundika msumarini, akachota maji, akaosha vyombo vya tangu asubuhi, kisha akainjika sufuria ya maharage. Yakianza kutokota, alijipangusa mikono, akavuta kigoda hadi mlangoni na kufungua daftari lake. Hapo hata umwite vipi, hakuitika.

Jina la Karani alipewa na baba yake, fundi baiskeli, kwa sababu ya kupenda kuandika. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani na mtaani hakuna aliyelitumia. Alianza kuandika akiwa darasa la tatu, siku mwalimu alipowaambia kuwa mtu anaweza kuweka kumbukumbu za maisha yake kila siku, na kwamba daftari la namna hiyo huitwa shajara. Sasa alikuwa darasa la saba, na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda lilikuwa limejaa madaftari hata kifuniko hakifungi vizuri.

Msomaji wake alikuwa mmoja tu, na huyo hakujua kusoma. Alikuwa mdogo wake wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Dada, nisomee mama."

"Nilikusomea jana."

"Jana ulisoma ya kwenda kuangalia ndege. Leo nataka ya viatu."

Mama yao aliugua kifua, akalazwa, wala hakurudi. Wakati huo Chiriku alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupanga maneno, kwa hiyo hakubaki na kumbukumbu hata moja. Picha ilikuwepo moja, ya kitambulisho, ndogo kama stempu. Chiriku akiitazama alisema, "Huyu amenuna," akairudisha. Baba naye hakumtaja mama tena tangu walipomzika. Ukimuuliza, aliinamia tairi, au ghafla akakumbuka kuna nati hajaikaza. Basi mama pekee wa Chiriku alikuwa yule wa kwenye madaftari.

Karani akasoma: "Leo mama amerudi kutoka ofisini amevaa viatu vyake vyekundu vya kisigino. Ofisi yao iko juu ghorofani, anapanda kwa lifti. Bosi wake amemsifu mbele ya watu wote."

Chiriku aliinuka, akatembea kwa ncha za vidole. "Ko, ko, ko! Alitembea hivi, eti dada?"

"Ee," Karani alijibu bila kumtazama.

Mama yao hakuwahi kuvaa viatu vya kisigino, achilia mbali kupanda lifti. Alikuwa dobi. Alifua nguo za watu uani kuanzia alfajiri, na mchana alizipiga pasi ya mkaa juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Alipepea mkaa mpaka uwe mwekundu, akaujaza tumboni mwa pasi, akanyunyizia nguo maji kwa vidole, kisha akaisukuma pasi ile nzito huku bega moja likipanda na kushuka.

Karani aliandika hayo hapo mwanzo. Kwenye daftari lake la kwanza kabisa aliandika: "Leo mama amefua mashuka mengi mpaka mikono imechubuka. Nimelala naye. Ananuka sabuni." Siku ya pili akalibeba daftari shuleni. Mvulana mmoja mtundu, aliyeitwa Kaptura kwa kuwa kaptura yake ilimfika chini ya magoti, alilichomoa mkobani, akapanda juu ya dawati na kulisoma kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko. Muhula wote walimwita Sabuni.

Karani hakumwambia mtu. Alizichana kurasa zile, akazitumia kuwashia mkaa wa pasi. Tangu hapo hakuandika kwa ajili yake mwenyewe. Aliandika kwa ajili ya yeyote ambaye siku moja angelichomoa daftari, ili akilisoma asipate cha kuchekea. Mama wa kweli alikuwa pale uani, anakohoa na kufua. Wa kwenye daftari alikuwa anapanda lifti. Mwaka mzima ukaenda hivyo, na baada ya mazishi Karani alimsomea Chiriku kile kilichokuwepo.

Jioni moja walikwenda bombani pamoja. Foleni ilikuwa ndefu, na Chiriku, kama kawaida yake, alikwisha kuwashika watoto wenzake kwa maneno.

"Mama yangu alikuwa anafanya kazi ghorofani. Alipanda kwa lifti kila siku!"

Kaptura alikuwa nyuma yao na madumu yake. Alikuwa ameshakua, hakuwa mkorofi kama zamani. Alicheka tu, kama mtu aliyesikia kichekesho.

"Lifti? We Chiriku, nani kakudanganya? Mama yenu alikuwa dobi. Alitufulia sisi sote hapa. Hata ile kaptura yangu aliinyoosha ikasimama yenyewe bila mimi!"

Watu wakacheka. Hata mama mmoja mtu mzima alicheka, akasema, "Kweli kabisa, mkono wake kwenye kola hatujaupata tena."

Chiriku alishika kiuno. "Mwongo! Dada, mwambie!"

Karani alikuwa ameinamia ndoo. Maji yalifika ukingoni, yakamwagika, yakamlowesha miguu, naye bado ameinama.

"Dada?"

"Funga bomba wewe, maji yanapotea!" mtu akapiga kelele.

Walirudi nyumbani. Walipofika, Chiriku alisimama katikati ya chumba.

"Mama alikuwa dobi?"

"Ndiyo."

"Na viatu vyekundu?"

"Hakuwa navyo."

"Na siku ile aliyonibeba mabegani tukaenda kuangalia ndege?"

Karani alitamani aseme hiyo moja ni kweli. "Nilitunga," akasema.

Chiriku hakulia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi sina mama." Akaenda kujilaza mkekani, uso ukutani. Maharage yalipoiva hakutaka. Alipoitwa hakujibu.

Karani alilivuta sanduku, akamwaga madaftari yote sakafuni. Alitaka mstari mmoja tu wa kweli wa kumpa mdogo wake. Alifungua hapa, akafungua pale. Mama amenunua zulia. Mama amealikwa karamuni. Mama ameniletea mdoli. Akajaribu njia nyingine: aweke kidole kwenye uongo wa siku, kisha akumbuke siku yenyewe ilikuwaje. Palipoandikwa "Leo tumekwenda kuogelea" alikumbuka kuwa mvua ilinyesha, mama akaanika mashuka ya watu ndani, nao wakawa wanapita chini yake kwa kutambaa huku wakicheka. Akafurahi. Akaharakia ukurasa uliofuata, na uliofuata tena.

Hakuna kitu. Alikumbuka jinsi alivyoutunga ule uongo, hata rangi ya zulia alivyoichagua, lakini siku yenyewe haikuwepo tena. Daftari baada ya daftari. Mama alikuwa hai siku zote hizo, alimwita, alimsuka, pengine alimwambia neno la maana, na yeye alikuwa amekaa mlangoni na kalamu mkononi akiandika mengine. Hapo ndipo Karani alipolia.

Baba alimkuta hivyo. Aliegemeza baiskeli ya mteja ukutani, akatazama mtoto mmoja mkekani, mwingine sakafuni, na karatasi kila mahali.

"Kuna nini humu?"

Karani alimweleza yote, tangu siku ya dawati mpaka bombani. Baba akaokota daftari moja. Alisoma taratibu, na kila alipofungua ukurasa aliacha alama ya grisi pembeni.

"Huyu mwanamke simjui," akasema mwishowe.

"Nisamehe, baba."

Baba alikaa chini palepale sakafuni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akazitazama kucha zake nyeusi.

"Ninayemjua mimi," akaanza, "nilimpelekea suruali aifue. Ilikuwa suruali yangu ya pekee. Nikajifunga taulo, nikakaa uani kwake ningojee ikauke. Siku hiyo jua likagoma kutoka! Akaniuliza, 'We fundi, umekuja kufuliwa au umehamia?'"

Mkekani, Chiriku aligeuza kichwa.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimehamia."

Chiriku alijikokota mpaka kwenye goti la baba. Karani akachukua daftari jipya, akaandika suruali na taulo. Akaandika mashuka na mvua. Akaandika mikono iliyochubuka. Baba akaongeza kovu la pasi kwenye kiwiko, na kwamba mama alikuwa anachukia kitunguu kibichi. Kisha wakaanza kusitasita, wakirudia yaleyale. Yote yaliyobaki ya mtu mzima mmoja yalijaa kurasa mbili na nusu.

"Alikuwa akiimba," Karani akakumbuka. "Akipiga pasi alikuwa akiimba."

"Kweli," baba akasema. "Kila siku."

"Aliimba wimbo gani?" Chiriku akauliza.

Katika kumbukumbu Karani aliliona bega la mama likipanda na kushuka, aliuona mdomo, lakini sauti haikuja. Baba alifumba macho akajaribu, akatikisa kichwa. Karani aliinua kalamu. Kichwani mwake, kwa mazoea, wimbo mzuri ulikuwa tayari umeanza kujitengeneza.

"Usitunge," baba akamwambia. "Andika kwamba hatuukumbuki. Sikiliza, mwanangu. Shajara si ya kumpendeza anayeiba kuisoma. Ni ya kukusaidia siku ambayo akili yako itakuwa imesahau. Ukiidanganya, siku hiyo na yenyewe itakudanganya. Tena si wewe peke yako uliyekosa. Wewe ulimpamba mama yako, mimi nikamnyamazia, na huyu mtoto akawa yatima mara ya pili. Yaliyopotea hayatarudi, nisikufiche. Ila kuanzia leo, ukiandika, andika ilivyokuwa, iwe aibu au iwe njaa. Na mimi mkiniuliza nitasema."

Karani akaandika: "Akipiga pasi alikuwa akiimba. Wimbo wenyewe hatuukumbuki."

Chiriku aliweka kidole juu ya mstari ule, wino bado mbichi.

"Hapa ndipo anapoimba?"

"Ndiyo," dada yake akasema. "Hapo."

Chiriku akainamisha sikio kwenye karatasi, akasikiliza.