Poda Yangu Ilimwagwa Kichwani kwa Mwingine

Nina miaka arobaini na mitatu, nina mke, watoto wanne, na shahada ya chuo kikuu niliyoitundika ukutani ili wageni waione hata wasipouliza. Watu husema mimi ni mcheshi. Leo, wasomaji wenzangu, ucheshi nauweka kando… nikiweza.

Wakati wa vita nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, pale Butembo. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, barabara zilifungwa na kufunguliwa bila taarifa, nasi tulisoma hivyo hivyo. Baba alikuwa amefariki. Mama aliuza maharagwe sokoni. Baba mdogo, aliyechimba dhahabu Manguredjipa, ndiye aliyenisomesha, na alikuwa amesema wazi: mwaka nitakaoshindwa, ndio mwaka nitakaoshika koleo.

Kwa hiyo sababu ya kusoma nilikuwa nayo. Bahati mbaya nilikuwa na kipaji pia!

Shule yetu ilikuwa ya wavulana watupu. Prof Katembo, mwalimu wetu wa hesabu na msimamizi wa darasa, ndiye pia aliyeongoza kikundi cha maigizo. Aligundua kwamba nikivaa kitenge na kufunga kitambaa kichwani, nageuka mama mkwe. Na si mama mkwe wa kawaida! Hata makamanda wenye bunduki mapajani walicheka hadi wakafuta machozi. Kila sherehe walituita. Nikaanza kutembea mjini kama mtu anayetarajia kusalimiwa.

Rafiki yangu Kasereka, tuliyekaa naye benchi moja, aliigiza mkwe wangu. Baada ya Pasaka alimwambia Prof kwamba kuanzia sasa atakuja mazoezini Jumamosi tu, siku nyingine anasoma. Prof alimfukuza kikundini papo hapo. Sisi tuliobaki tulimzomea uwanjani, tukamwita msaliti. Mimi ndiye niliyezomea zaidi, kwa sauti ya mama mkwe.

Hakukasirika. Aliniambia tu, "Kambale, weye uko na akili, lakini iko mu kitambaa ya kichwa."

Mama naye hakunyamaza. "Mutoto yangu, ile kicheko ya basoda benye bunduki itakuandikia bulletin ya masomo?"

Nilimjibu kama Prof alivyotufundisha, kwamba nitapita tu. Mwisho wa mwaka, walimu hukaa pamoja kufanya délibération: aliyepungukiwa alama kidogo, mwalimu mmoja akimtetea, anapitishwa. Na Prof alikuwa ameniwekea mkono begani, akaahidi, "Siku ya délibération, mimi mwenyewe nitasimama juu yako. Weye cheza tu!"

Ni nani asingemwamini? Alikuwa mtu wa kwanza tangu kifo cha baba kuniwekea mkono begani.

Mitihani ilipokaribia, tuliitwa kuigiza mjini Beni. Tuliigiza katika mtaa wa Beu, karibu na soko, watu wakapanda hadi juu ya kuta. Tulipotaka kurudi, mapigano yalikuwa yamefunga barabara. Tukakwama! Nililala kwenye mkeka nikisikia milio ya risasi kwa mbali, daftari langu la hesabu likiwa Butembo, juu ya kabati la mama. Wenzangu walihofia risasi. Mimi nilihofia hesabu.

Tuliporudi, shule ilikubali tufanye mitihani kwa kuchelewa. Niliketi mbele ya karatasi ya hesabu, na kichwani mwangu yalikuwemo maneno ya mama mkwe tu, yote, bila kukosa hata moja. Nilipungukiwa… kidogo. Kidogo kabisa, kiasi kile ambacho délibération iliwekwa kukisamehe.

Sikulala na wasiwasi. Si nilikuwa na mtu wangu mle ndani?

Siku ya kutangaza matokeo, wazazi walijaa uwanjani na makopo ya poda, kama desturi yetu: mtoto akipita, anamwagiwa poda kichwani hadi awe mweupe kama mwokaji mikate. Mama alikuja na kopo jipya, amelikumbatia kifuani. Majina ya waliopita yakasomwa. Kasereka, kati ya wa kwanza! Nikangoja langu. Nikangoja… Orodha ikakunjwa.

Prof alinifuata nyuma ya darasa. Alikuwa anatabasamu, wasomaji wenzangu. Anatabasamu!

"Usilie, Kambale. Baprof balitaka kukupitisha. Ni miye njo nilikatala. Ukienda sixième, mwaka ya mwisho, utaanza kutayarisha Examen d'État, mtihani ya serikali, utatuacha. Sasa nani atacheza mama mukwe?"

Alisema hayo kama mtu anayenipa zawadi.

Ahadi yake ya kusimama aliitimiza. Alisimama kweli! Ila alisimama mlangoni, kunizuia.

Niliporudi uwanjani, mama alinitazama usoni mara moja akaelewa. Hakunigombeza. Alifungua lile kopo, akamwendea Kasereka, ambaye mzazi wake mmoja tu aliyebaki alikuwa amekwama Kasindi, akammwagia poda yangu yote kichwani. "Hongera, mutoto," akasema.

Mwaka uliofuata nilikuwa ndani ya shimo Manguredjipa, nachimba. Prof alitafuta mama mkwe mwingine, akampata haraka. Hilo nalo liliniuma!

Nilirudi shuleni baadaye, mtu mzima mwenye ndevu katikati ya watoto, nikamaliza. Siku hiyo mama alileta kopo jingine. Alimwaga polepole, akaniambia, "Sasa cheza théâtre yako."

Wadogo zangu, chezeni, imbeni, pigeni mpira. Sikatazi, kicheko kilitusaidia kuvuka vita. Lakini anayekusifu jukwaani, mwambie kama Kasereka alivyosema: nitakuja Jumamosi tu. Akikufukuza kwa neno hilo, nenda zako ukasome… umeshajua alikuwa anapenda nini kwako.