Kipande Chenye Namba ya Mrefu

Kila asubuhi wanafunzi wa uchomeleaji waliingia karakanani makundi makundi, wakitaniana. Cheche aliingia peke yake. Alikuwa msichana pekee darasani, tena fundi kuwapita wote, na wavulana walimkwepa. Hata chakula cha mchana alikula peke yake. Asikudanganye mtu, upweke unauma.

Mtihani wa cheti ulipokaribia, kijana waliyemwita Mrefu akaanza kula naye. Alimchekesha, akamwita dada. Cheche akafurahi mno. Kumbe mwenzake alikuwa na lake jambo.

Katika mtihani huo kila mtu alitakiwa kuchomelea kipande chake cha chuma na kukigonga namba yake kwa nyundo. Mtahini angekuja baadaye kukikunja. Kikipasuka, umefeli.

"Dada, nichomelee changu," Mrefu alinong'ona. "Mimi nitagonga namba tu. Nani atajua?"

Cheche alijua ni kosa. Lakini akikataa, angebaki na nani? Akamchomelea.

Vipande vyote viwili vilikunjwa, visipasuke. Mrefu akarukaruka kwa furaha.

"Mjomba amenipatia kazi likizo hii! Tutachomelea ngazi za mnara wa maji. Wanangoja cheti tu."

Cheche akamshika mkono. "Lakini hujui kuchomelea, kaka."

"Nitajifunzia huko huko."

"Na mtu akianguka?"

Mrefu akanuna. "Ukithubutu kusema, usinijue tena."

Alasiri Cheche alimfuata mwalimu wa karakana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa kama umelamba shubiri?"

"Kipande cha Mrefu nilichomelea mimi." Machozi yakamtiririka.

Mwalimu akamvutia kiti. "Unajua nawe utakosa cheti?"

"Najua. Ila watu watazipanda ngazi zile."

"Haya. Mtarudia wote wawili muhula ujao, na nitawasimamia mwenyewe."

Lo, muhula ule ulikuwa mrefu! Wavulana walimwita msaliti. Akiingia wanaacha kuzungumza, akisalimia wanageuka. Mara nyingi alilia njiani akirudi nyumbani, akafuta macho kabla mama hajamwona. Mrefu naye alichomelea na kuharibu, akachomelea tena, mwalimu akiwa ubavuni pake.

Siku ya mtihani vipande vyao vikakunjwa. Cha Cheche kikashika. Cha Mrefu kikashika pia, na safari hii kilikuwa kazi ya mikono yake. Alikigeuzageuza kwa muda, kisha akasema polepole, "Mwalimu, vile nilivyokuwa nikichomelea, ningeua mtu."

Mwalimu aliwapa wawili hao vyeti vyao mbele ya darasa zima.

"Cheti si pambo la ukutani," alisema. "Ni ahadi kwa mtu asiyetujua, kwamba apande ngazi yetu bila hofu. Ukikipata kwa udanganyifu, umemdanganya yeye. Mmoja wenu aliitetea ahadi hiyo, akakosa cheti na marafiki. Nyinyi mliomnunia, mlikuwa mkimtetea nani?"

Mrefu akasimama, kichwa chini.

"Tulimkosea, mwalimu."

"Sasa mbona unaniambia mimi?" mwalimu akauliza. "Si huyo hapo?"