Chipu Juu ya Bati

Jumatatu ile ya masika, mwaka 1995, Najma alipakua wali wa mumewe akaufunika kwa sahani nyingine. Mudathir, fundi wa mabomba, hakuwa mtu wa kukosa chakula cha mchana nyumbani kwao Kiwalani. Siku hiyo hakurudi. Wali ukipoa, yeye alikuwa amelazwa nje ya chumba cha mabomba, kwenye kiwanda cha barafu kule Temeke, spana bado mkononi, gesi ya amonia imemmaliza.

Inspekta Kokushubila alifika na leso mbichi puani. Chumba kilikuwa na mlango mmoja. Pembeni ya mlango kulikuwa na meza ya vibonye, na juu ya meza sanduku la chuma lenye kompyuta iliyoongoza vali zote za gesi.

"Nani alifungua vali fundi akiwa ndani?"

"Talha," alijibu Leonardi, mhandisi aliyeubuni mtambo ule. "Kompyuta haijifungulii vali. Mwendeshaji ndiye hubonyeza."

Talha, mwendeshaji mwenyewe, alikuwa ameketi sakafuni, macho yamevimba.

"Nilibonyeza kibonye cha 'fundi yumo ndani', afande. Maneno yakatokea kwenye kioo, nikayasoma kabisa. Mie nimuue Mudathir nipate nini?"

Kesho yake mtambo ulijaribiwa mbele ya polisi. Talha akabonyeza kibonye kilekile. Vali ikagoma kufunguka, kama ilivyotakiwa. Walirudia mpaka wakachoka. Kompyuta haikukosea hata mara moja. Inspekta akalifunga sanduku kwa lakiri, na Talha akawekwa mahabusu kituoni. Ijumaa angesomewa shitaka la mauaji, na kosa hilo adhabu yake ni kunyongwa.

Alhamisi asubuhi Najma aliingia kituoni, amejifunika nguo nyeupe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Wewe si uko eda?"

"Niko eda. Watanisema, waache waniseme. Nani alimtoa mume wangu kwenye ile gesi?"

Kokushubila alipekua maelezo ya mashahidi. "Talha."

"Aliingia bila hata kitambaa usoni. Mtu amuulie rafiki yake ndani, kisha ajitie humohumo kumtoa?"

Inspekta alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Basi aliyedanganya si Talha, ni lile sanduku. Koplo Mwishehe! Chukua bisibisi!"

Kiwandani walivunja lakiri na kufungua sanduku. Ndani mlikuwa na vumbi la kutu, limetanda juu ya kila kitu kama unga. Kokushubila alimulika tochi polepole. Kipande hiki, vumbi. Kile, vumbi. Kisha tochi ikasimama.

"Mwishehe, unaona?"

"Hiki kimetoka kuoga, afande."

Katikati ya vumbi lile kulikuwa na chipu moja safi, inang'aa.

Kokushubila akaagiza aletwe Vaileth, mwanamke aliyesaidiana na Leonardi kuandika programu ya mtambo. Alipoiona chipu alishika kichwa.

"Hiyo ndiyo inayobeba programu. Leonardi ameibadilisha!"

"Programu iliandikwa na nani?"

"Sote wawili. Kiini, yaani sehemu inayotawala mtambo mzima, aliandika Leonardi kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Mie niliandika sehemu ya kioo kwa lugha nyingine, Pascal."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Vaileth alivuta pumzi. "Talha akibonyeza, kiini kinatenga kijisehemu cha kumbukumbu ya kompyuta na kuandika humo: fundi yumo, vali isifunguliwe. Kisha kinaipa sehemu yangu kijisehemu hicho ili maneno yatokee kwenye kioo. Mie nilidhani nimepewa moja kwa moja. Kwa hiyo nikishaonyesha, nakiachia kitumike kwa mambo mengine. Leonardi yeye alihesabu kwamba ameniazima tu, bado ni chake."

"Nawe umeshakitupa."

"Nimeshakitupa. Linaandikwa jambo jingine palepale, katazo linafutika. Kiini kikirudi kusoma, hakikuti fundi. Kinafungua vali chenyewe, bila mtu kubonyeza."

Kokushubila alitikisa kichwa. "Kwetu polisi, kisu cha ushahidi kikienda maabara, anayekipokea anaambiwa bayana: hiki si chako, usikitupe. Nyie mliambiana?"

"Niligundua wakati wa majaribio, nikamwambia tukae tukubaliane nani mwenye mali. Akanijibu nisihangaike, ameshasahihisha. Nikamwamini, afande."

"Ile chipu ya zamani atakuwa ameitupa?"

"Aitupe? Chipu mjini hazipatikani! Lazima aifute aitumie tena. Zina kidirisha juu. Ukizianika juani, mwanga unakula maandishi. Lakini huchukua siku nyingi za jua kali."

Inspekta alitazama juu. Tangu Jumatatu wingu lilikuwa halijapasuka.

"Basi bado haijafutika. Kinondoni, nyumbani kwa Leonardi! Twende!"

Gari la polisi liliruka madimbwi, matope yakipiga vioo. Leonardi aliwakuta tayari uani kwake, Mwishehe amesimama juu ya ngazi.

"Mnafanya nini kwangu?"

"Tunaangalia kama bati linavuja, braza," Mwishehe alijibu. Mkono wake ulipapasa ukingoni, ukatulia. "Afande! Kuna kisosi, na juu yake kipande cha kioo!"

Chini ya kioo kulikuwa na chipu, kidirisha chake kimeelekea mawinguni.

Alasiri ileile waliirudisha kwenye sanduku. Mabomba yalifungwa kwa mkono, na mahali pa vali wakaunganisha taa, iwake vali ikiamriwa kufunguka. Talha aliletwa na pingu, Leonardi akasimamishwa pembeni.

"Bonyeza," Inspekta alisema.

Talha alibonyeza. Maneno yakatokea: FUNDI YUMO NDANI. Yakazimika. Mwishehe aliuma kidole.

Taa ikawaka. Hakuna mkono uliogusa kitu.

"Wallahi imejifungulia!" Talha alipiga kelele, pingu zikilia. "Mmeona? Mmeona nyie?"

Leonardi aliegemea ukuta.

"Hulazimiki kusema," Kokushubila alimwonya. "Ukisema, nitaandika."

"Nilijua," Leonardi alisema. "Vaileth aliponiambia nilijaribu nikaona kweli."

"Mbona hukusahihisha?"

"Kusahihisha kulitaka tukae wote wawili, tupange upya kipi chake, kipi changu. Kiini kingekuwa cha wote. Waandishi wa habari walikuwa wanakuja kwenye uzinduzi. Nilitaka jina liwe moja, langu."

"Na baada ya Mudathir kufa?"

"Usiku ule niliandika mstari mmoja tu. Unaikataza sehemu ya Vaileth kutupa kisicho chake. Nikatia kwenye chipu nyingine."

"Mstari mmoja."

"Mmoja, afande."

Kokushubila aliandika. Kisha alimfungua Talha pingu yeye mwenyewe, akaenda Kiwalani kumweleza Najma kabla hajaelezwa na majirani. Najma alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama Talha ameshakula.

Leonardi alihukumiwa kifungo kwa kuua bila kukusudia. Vaileth na Talha bado wako kiwandani. Siku hizi, fundi akitaka kuingia chumba cha mabomba, vali hufungwa kwa kufuli, na ufunguo huingia nao yeye mwenyewe.