Aliyekaribishwa Nyuma ya Kitasa

Siku ya kwanza Shamsa alidhani ni mumewe. Alisikia "Hodi" mlangoni, sauti ya Shaban kabisa, akaitika "Karibu" huku akipapasa ufunguo chini ya mto, maana mtoto alikuwa amemlalia kifuani. Akafungua. Koridoni hapakuwa na mtu. Na Shaban, jamani, alikuwa Muleba na lori la tajiri wake, kama alivyoaga alfajiri.

Kitasa chenyewe kilikuwa bado kinanuka mafuta. Mwaka ule, enzi za Mwingereza, kahawa ilipanda bei, Bukoba nzima ikavaa viatu vipya, na wezi nao wakaja kutafuta chao. Mzee Rugemalira, mwenye ile nyumba ya kupanga pale Miembeni, akang'oa makomeo ya mbao, akatia vitasa vya chuma kila chumba. "Sasa laleni," akawaambia wapangaji. Zamani milango ilikuwa wazi kutwa, pazia tu. Mtu akija unaiona miguu yake kwanza, ndipo unamkaribisha. Sasa kila mtu alijifungia, akawa anamkaribisha asiyemwona. Nani angefikiria hilo? Na vitasa vyenyewe vizuri vile!

Hodi ikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Shamsa akaitika kwa mazoea. Mdomo ukishatangulia utaurudishaje? Kisha kiti cha Shaban, kile cha dirishani, kikaanza kulia kama kimekaliwa na mtu mzito. Chumba kikanuka tope la ziwani. Chini ya kiti sakafu ililowa, akipangusa inalowa tena. Na Ayubu, mwanawe wa pekee, akaacha kunyonya. Alikikodolea macho tu kile kiti, halii, hacheki, mashavu yakimwisha siku hadi siku.

"Jovitha," Shamsa alimnong'oneza jirani wa chumba cha mkabala, "kuna mtu chumbani mwangu."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Anakaa tu."

Jovitha alikuwa na mimba kubwa. Akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Mama Ayubu, usiniletee mambo hayo. Mimi ninajifungia."

Shaban aliporudi na kumwona mwanawe, hata chai hakunywa. Aligeuza lori, akamleta Bibi Mwamvita, mganga wa Muleba. Bibi akasimama kizingitini, akanusa, akakataa kuingia.

"Ulimkaribisha?"

"Sikumwona, bibi."

"Nimekuuliza, ulimkaribisha?"

"Ndiyo."

"Ukampa nini?"

Shamsa akatikisa kichwa.

"Tangu lini huku kwetu mgeni akakaa asipewe hata kahawa ya kutafuna? Jini huyu ana adabu zake. Amengoja apewe, hukumpa, sasa anajichukulia." Akamtazama mtoto. "Mpe kwa mkono wako. Kisha msindikize mpaka barabara kubwa, peke yako, mpaka harufu ikatike. Ukimwacha njiani, hajaondoka."

Shaban na Bibi wakamchukua mtoto wakakaa naye uani. Shamsa akaweka kahawa ya kutafuna, punje kavu na maganda yake, kitini, juu ya jani la mgomba. Akasikia meno. Maganda yakadondoka sakafuni, kiti kikalia, akaufungua mlango wazi kabisa na kusema, "Nikusindikize, mgeni," akatangulia koridoni asigeuke, na nyuma yake nyayo zilizolowa zikamfuata, chwa, chwa, pumzi ya tope ikimpiga kisogoni, akapita mlango wa Jovitha uliofungwa, akafika barazani ambako mvua ilikuwa imeanza, barabara inaonekana pale mbele, na hapohapo Ayubu akalia huko uani, kilio cha njaa, kilio ambacho alikuwa amesahau kinavyosikika, maziwa yakambubujika yakalowesha kanga, naye akageuka akakimbia.

Ee, mama gani asingekimbia?

Ayubu alilidaka ziwa kwa pupa. Shaban alikuwa akicheka na machozi yakimtoka. Shamsa naye akacheka, akambusu mtoto utosini, hata swali la Bibi hakulisikia mpaka liliporudiwa.

"Umemfikisha barabarani?"

Ndani, koridoni, mtu alibisha hodi, na sauti ile ilikuwa sauti yake mwenyewe, Shamsa: "Hodi, Jovitha."

Akapanua kinywa apige kelele.

"Karibu, mama Ayubu," Jovitha akaitika, na ufunguo ukasikika ukizunguka kitasani.