Fulana ya Kijani, Fulana ya Chungwa

Mvua ilikuwa imekatika pale stendi ya Ifakara, na Digna alikuwa akikung'uta maji kwenye mwavuli wake wa kijani, alipoona mwingine wa rangi ya chungwa ukifunguliwa hatua tano tu kutoka kwake. Chini yake alisimama kijana mrefu, raba nyeupe pee, fulana imepigwa pasi hadi mikononi. Kifuani iliandikwa RADIBET. Ya Digna, iliyomkaa vizuri juu ya sketi ya kitenge, iliandikwa NYAVUBET, na kwa miezi minne ndiyo pekee iliyosajili watu wa kubeti kwa simu katika stendi ile.

"Kaka, hapa pana mtu."

"Nimeona. Ndiyo maana nimekuja."

"Na hizo raba umevaa kwa ajili ya Ifakara ipi?"

"Hii hii. Nitakapokuhamisha, njia itakuwa imekauka."

Huyo ndiye Pantaleo, na hivyo ndivyo walivyosalimiana. Wengine huanza kwa maua. Hawa walianza kwa kutunishiana misuli. Anselim, bosi wa Digna aliyekuwa akitoa amri kwa simu kutoka Morogoro, alishamwonya: mpinzani akikupita kwa idadi ya wateja, mwisho wa mwezi unarudisha fulana. Kwa hiyo kila abiria aliyeshuka kwenye basi alidakwa kulia na kushoto.

"Nilinganishieni, ipi nzuri?" aliuliza Ngusa, muuza mchele, akiwa katikati yao.

"Nyavubet," alisema Digna. "Bonasi ya kuanzia mara mbili ya kwao."

"Bonasi utaila lini?" alidakia Pantaleo. "Kwao ukishinda unazeeka ukisubiri hela. Na timu moja ikifungwa, mkeka wote wa mechi ulizobeti umechanika. Sisi timu moja tunakusamehe."

"Wanakusamehe kwa sababu odi zao, yaani malipo ya ushindi, ni kama dagaa. Hata ukishinda hushibi."

Ngusa alichagua Nyavubet, na Digna akamtolea Pantaleo ulimi.

Jioni simu yake ililia.

"Nyavubet, nikusaidie nini?"

"Naomba kulinganishiwa. Kati ya dada wa kijani aliyenuna na yule anayetoa ulimi, yupi anapatikana Jumapili?"

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Umeibandika kwenye bango, unasubiri nani tena?"

"Kama ni mteja, hakuna anayepatikana. Kama ni Pantaleo, ndiyo hakuna kabisa."

Lakini simu hakuikata. Jumapili ya tatu walitoka misa pamoja, na Pantaleo akala perege chumbani kwa Digna, Mlabani, daftari la wateja likiwa mezani. Digna alitoka mara moja kufuata chumvi dukani. "Wahi, adui wangu," Pantaleo alimwambia, na Digna akaenda akitabasamu peke yake njia nzima.

Jumatatu Ngusa alikuja na simu mkononi. *Ngusa, karibu Radibet.*

"Namba hii nilikupa wewe tu," alisema.

Kufika mchana walilalamika watu kumi na mmoja. Digna alikumbuka daftari, akakumbuka na chumvi. Akavuka zile hatua tano.

"Nimekupa samaki, umekula na daftari langu."

"Daftari gani?"

"Jamani, mtazameni huyu. Mwizi wa namba za watu. Anajifanya mchumba ili aibe."

"Digna, punguza sauti. Hata wateja wangu wanapata meseji za Nyavubet. Nilidhani ni wewe, nikanyamaza kwa sababu nakupenda."

"Usinipende. Mwizi wewe."

Makonda walipiga miluzi. Digna akampigia Anselim, akamtajia jina la Pantaleo na la baba yake.

Kesho yake mwavuli wa chungwa haukuonekana. Digna alikula chapati mbili kwa raha, akamsajili Deus, dereva wa bodaboda aliyenunua laini mpya asubuhi ile ile. Haikupita saa moja, Deus akarudi.

"Dada, hawa Radibet wamenijuaje?"

Laini ilikuwa ya leo, na Pantaleo leo hakukanyaga pale. Digna alipiga simu ya huduma ya Radibet.

"Radibet, naitwa Dorika, nikusaidie nini?"

Sauti hiyo ya kuvuta maneno, yenye kicheko puani, Digna aliijua. Tangu aanze kazi ilikuwa ikimtatulia matatizo ya wateja wa Nyavubet.

"Paskalina?"

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Paskalina wa Nyavubet, ni wewe."

"Dada, usinichongee. Simu ya kijani ikilia mimi ni Paskalina, ya chungwa ikilia ni Dorika. Kampuni moja, namba zote kapu moja, na Anselim ndiye bosi wa kote kuwili. Wanawapambanisha tu ili mchakarike."

"Na Pantaleo?"

"Jana ulipokata simu tu, Anselim akamfukuza."

Digna alifungua tovuti zote mbili, akashuka hadi chini kabisa, kule kusikosomwa na mtu. Jina la kampuni lile lile, sanduku la posta lile lile.

Akapanda bodaboda ya Deus hadi Michenga, nyumbani kwa mama yake Pantaleo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama aliitikia bila kumtazama. "Yuko shamba."

Pantaleo alikuwa peku, akirusha mawe kwa kombeo kufukuza ndege kwenye mpunga. Alimsikiliza Digna akiwa amempa mgongo.

"Umemaliza?"

"Nisamehe."

"Nani amesikia?"

"Wewe."

"Na ndege. Kunitukana ulitumia stendi nzima, kuniomba radhi unanifuata porini. Mama ameulizwa bombani kama kweli amezaa mwizi. Mimi kazi siitaki, Digna. Nataka jina langu."

"Nikisema kule, na mimi nafukuzwa. Chumba nalipia nini?"

"Basi kaa kimya ulipie chumba."

Kesho yake mabasi yalipojaa, Digna alipanda juu ya gunia la mchele la Ngusa.

"Jumatatu nilimwita Pantaleo mwizi, mkanisikia. Hajaiba namba ya mtu. Nyavubet na Radibet mwenyewe ni mmoja, ukimpa huyu namba umempa na yule. Mimi nimemkosesha mtu kazi bure."

"Sasa ipi nzuri?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Ukiihama hii kwa hasira, unamfuata bosi yule yule. Chagua rangi."

Hajashuka, simu ikalia; mtu alishamfikishia Anselim. Digna alisikiliza, akasema "Sawa," akakata. Pantaleo alikuwa kando, ameshika baiskeli ya mama yake.

"Anasemaje?"

"Nitume fulana Morogoro kwa nauli yangu."

"Aifuate mwenyewe."

"Usinichekee. Sina kazi kwa ajili yako."

"Na mimi sina kwa ajili yako. Tumelingana."

"Umenisamehe?"

"Bado. Hasira niliyonayo inaweza kumaliza mavuno mawili. Nataka nikununie nikiwa mumeo, usipate pa kukimbilia."

"Mshenga wako aje na maneno mazuri kuliko hayo."

"Mshenga atadanganya. Mimi nimekwambia ukweli."

Digna alimtazama kwa jicho la chuki, lile la siku ya kwanza, ila safari hii halikukaa sawasawa.

"Baba yangu yuko Mang'ula," alisema. "Jumapili baada ya misa hatoki. Mwambie mshenga wako asichelewe, nisije nikaghairi."